Sufuria Yenye Bezi Nzito

Nimevuliwa nguo leo. Sebuleni kwetu. Mbele ya baba, mama, jirani, binamu na friza.

(Si nguo za kweli, tulieni. Heshima. Ingawa kuna kitu kilivuliwa nguo kweli, na tutafika huko.)

Naandika haya nikiwa chooni, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambako hawajaingia kunicheka. Binamu yangu Elia anapita, anagonga mlango, anauliza, "Subira, huko ndani bezi ikoje?" Simjibu. Mtu mwenye hadhi hajibizani na watu kupitia mlango wa choo.

Basi nisikilizeni.

Mnaonijua mnajua kwamba tangu shule zifunguliwe mimi ni mtaalamu wa picha na sauti. Nani kanipa cheo? Mimi mwenyewe, na sikupata mpinzani. Ilianza kwa bahati mbaya. Nilienda duka la mitumba kutafuta koti la baridi, nikarudi na mashine ya kuchezesha diski. (Koti sina mpaka leo. Natetemeka, lakini natetemeka nikiwa na mashine.) Ni nzito kama jiwe la kusagia, ina vitufe ambavyo hata waliovitengeneza nadhani wamesahau kazi yake, na haichagui diski. Diski zilizokwaruzwa, zilizopinda kidogo, zilizomwagiwa soda, zote inameza.

Mama alipoiona aliizunguka kama anakagua mbuzi wa Krismasi.

"Mbona haina nailoni?"

"Ya mitumba, mama."

"Haina nailoni, basi imeshakufa hiyo."

Hapo lazima niwaeleze kuhusu mama yangu. Mama habandui nailoni. Kitu kipya kikiingia kwetu kinabaki na nailoni yake mpaka kizeekee humo humo. Rimoti ina mfuko, na mfuko una mpira wa kuubana. Makochi yana nailoni. Kaa na kaptula wakati wa joto, ukiinuka unaacha ngozi kama nyoka. Ile oveni ndogo ya kupashia chakula bado ina karatasi ya dukani, tunabonyeza namba kwa kubahatisha. "Ukibandua tu," mama husema, "kitu kinaanza kufa." Nimezaliwa humo. Nimelelewa humo. Sishangai kitu.

Turudi kwenye utaalamu wangu. Kumbe watu wa huku Toronto wanatupa diski! Unashuka kwenye chumba cha takataka cha jengo letu hapa mtaa wa Dixon, unakuta mtu kaacha boksi zima la filamu na muziki, kama kaacha watoto. Nikawa nabeba. Mnara ukaota kwenye kona ya sebule, kando ya TV, ukakua mpaka ukanifika kiunoni.

Halafu nikaanza kuangalia video za wale wazee wa Kizungu wenye ndevu, wanaoishi kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao wakiwa wamezungukwa na spika kubwa kuliko wake zao. Wanasema mtandao unatuibia. Wanasema picha na sauti ya mtandaoni imebanwa, imeminywa, imekamuliwa ili ipite kwenye waya, wakati diski ina kila kitu. Nikaamini kila neno. Mtu mwenye ndevu zile hawezi kusema uongo.

Nikaanza kuhubiri nyumbani.

"Mama," nilimwambia akiwa anaangalia tamthilia yake, "unajua kwamba hapo huoni picha kamili?"

"Kwani wameikata?"

"Wameibana. Ni kama begi la kwenda Tanzania. Unakumbuka ulivyolikalia ili zipu ifunge? Halafu uwanjani wakasema limezidi, ukaanza kutoa viatu? Mtandao ndivyo unavyofanya. Ili picha ifike haraka, wanatoa viatu. Lakini diski, mama, diski ni kontena! Kontena linaenda polepole na meli, ila kila kitu kimo, mpaka godoro na tairi."

Mama alifikiri. Nikaona maneno yameingia.

"Na vile viatu nilivyovitoa," akasema, "nani alivirudisha nyumbani akavivaa mpaka soli zikang'oka?"

"Mimi."

"Kaoshe vyombo."

Lakini nilikuwa na ushahidi! TV yetu ina ukungu. Tangu inunuliwe mwaka jana, picha yake ina weupe weupe fulani, kama unaangalia dunia kupitia mvuke wa chai. Watu wote wana rangi ya majivu. Mpira unachezwa kwenye nyasi za kijivu. Mama alisema ndiyo TV za siku hizi. Baba alisema ni macho yake, uzee umefika, akaenda kupimwa, akarudi na miwani. Mimi peke yangu ndiye niliyegundua ukweli. Ni mtandao! Ule ukungu ndio kubanwa kwenyewe! Na nikiweka diski, niliwaapia, ukungu unaondoka. Nilikuwa nauona ukiondoka. Kwa macho yangu haya mawili.

(Wekeni sentensi hiyo mfukoni. Mtaitoa baadaye mnichekee.)

Sasa, friza.

Mama anatafuta friza kubwa tangu nipate akili. Anataka anunue samaki kwa boksi, maharage achemshe ya mwezi, ndizi amenye, kila kitu agandishe. Mama Furaha, jirani yetu wa mlango wa mbele, Mkongomani wa Bukavu, akapata friza nyingine, akasema hii ya zamani tuchukue. Tatizo ni nafasi. Jikoni kwetu ukifungua oveni lazima mtu mmoja atoke. Sehemu pekee iliyobaki ni kona ya sebuleni.

Kona yangu.

"Diski zirudi mitumba zilikotoka," mama akasema. "Filamu zinaweza kukaa kwenye simu. Samaki hawawezi."

(Hoja nzito, nakiri. Mbele yake sikukiri.)

Nikapiga magoti. Nikamwita mama mzaa chema. Nikaahidi kufua, kufagia, hata kumpenda Elia. Mwishowe akalegea: Jumapili, yaani leo, baada ya ibada, Elia atakuja kusaidia kubeba friza. Kabla haijavuka mlango, nitapewa nafasi moja mbele ya watu.

"Ukituonyesha tofauti ya diski na mtandao, tofauti ambayo mtu mwenye akili timamu anaiona, vitu vyako vitabaki. Friza nitaiweka chumbani kwetu, upande wa baba yako. Ukishindwa, mnara unaondoka leo leo."

"Upande wa nani?" baba akauliza.

Mnapaswa kujua kwamba baba anapakia mizigo ya ndege kule Malton, zamu ya usiku, na analala mchana. Aliitazama ile friza kichwani mwake ikinguruma karibu na mto. Kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipompoteza baba.

Leo ikafika. Tumetoka kanisani, tumekula ugali na samaki, Mama Furaha kaletwa awe hakimu kwa sababu yeye hana upande. Elia kakaa na tabasamu lake lile. Mimi nimesimama katikati ya sebule na fulana nyeusi, kama wale wazee. Nilikuwa najiamini kiasi kwamba nikikumbuka sasa hivi nataka kujizaba kofi.

"Tunaanza na sauti," nikatangaza. "Wimbo mmoja wa kwaya. Ninao kwenye diski, na upo mtandaoni. Nifungeni macho. Elia ataupiga mara mbili. Nitawaambia diski ni ipi kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha."

"Ukikosea?" mama akauliza.

"Siwezi kukosea. Masikio yangu yamefunzwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mama akanifunga macho na kanga yake, akakaza kama anafunga mzigo wa kuni. Nikasikia Elia anahangaika huku na huku. Nikasikia baba anainuka, anaenda jikoni, anarudi. Nilidhani kafuata maji.

Wimbo wa kwanza ukapigwa.

Nikacheka kwa dharau. "Mtandao huo. Sauti kavu. Nyembamba. Haina rangi. Ni chai ya hospitali."

"Una uhakika?" baba.

"Baba, tafadhali."

Wimbo wa pili ukapigwa. Jamani! Sauti ikaja nzito, ya mviringo, kama inatoka ndani ya pango. Mwili ukanisisimka. Nikanyoosha mikono kama mwongoza kwaya.

"Hii! Hii ndiyo diski! Mnasikia inavyozunguka? Ina tumbo! Mtandao hauna tumbo! Na bezi, ule mngurumo wa chini... subirini... hiyo inakuja... hiyo hapo! Mnaisikia hiyo bezi inavyotetemesha madirisha?"

"Hiyo ni ndege, Subira," mama akasema.

(Ndege za kutua uwanja wa Pearson zinapita juu ya jengo letu chini chini kama zinataka kuuliza njia.)

"Hata bila ndege, bezi ipo chini yake!" nikaendelea. Kwa nini niliendelea? Kwa nini sikunyamaza? "Sauti ina joto. Inanukia hata mbao za studio."

"Inanukia nini?"

"Mbao!"

Nikasikia mtu anakoroma. Si usingizi. Ni kicheko kilichokwama kooni. Nikavua kanga.

Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, sufuria ya ugali mapajani. Ile tuliyotoka kulia, haijaoshwa, ukoko umeganda pembeni. Ndani ya sufuria, simu ya Elia. Simu inaimba. Wimbo wenyewe si wa mtandao wa maana hata. Ni ule uliorekodiwa na mtu aliyekaa kanisani benchi la nyuma, ukarushwa kwenye makundi ya simu mpaka ukachoka. Kuna mtoto analia ndani yake.

"Na ule wa kwanza?" nikauliza, sauti yangu imekuwa nyembamba. Kavu. Chai ya hospitali.

"Diski yako," Elia akasema. "Mashine yako. Spika zako."

Mama Furaha akapiga makofi mpaka bangili zikalia. "Eh, Subira! Kumbe sufuria iko na bezi! Mi nitaenda kununua ingine!"

"Inanukia mbao," Elia akasema polepole, kama anakariri.

"Ni ukoko huo," mama akasema.

Mtu mwenye busara angekubali hapo, afungashe diski, alale. Mimi? Nilisema kanga ilibana masikio. Nilisema sufuria si haki, haimo kwenye kanuni. Nilisema sauti ni jambo la hisia, lakini picha, picha haidanganyi mtu. Ukungu kila mmoja anauona!

"Ukungu ni kweli upo," mama akasema.

"Upo," baba akakubali, akagusa miwani yake kwa huzuni.

Nikaona mlango wa kujitetea umefunguka. Nikachukua mwiko mezani uwe fimbo ya kufundishia, nikasimama kando ya TV kama mtangazaji wa hali ya hewa. Nina filamu moja ya wanyama wa porini; ninayo kwenye diski, na ipo mtandaoni. Nikaanza na ya mtandao. Simba kalala kwenye majani.

"Mnaona huu ukungu? Hapa, na hapa, na huyu simba kama kapakwa unga?"

"Tunaona," wote. Hata Elia! Baba akaanza kutokwa na jasho. Nadhani alishaisikia friza ikinguruma.

"Sasa naweka diski." Mashine ikakohoa, ikameza. Simba yule yule, majani yale yale. "Haya! Sasa?"

Wote wakakaza macho.

"Mi naona tu ukungu ile ile, mama," Mama Furaha akasema.

"Angalia vizuri, Mama Furaha."

"Mi naangalia."

"Sogea karibu."

Akasogea. "Karibu iko mingi zaidi."

"Labda ukungu ni wa simba mwenyewe," Elia akasema. "Labda kalala jikoni."

Nikapandwa na mori. Nikaenda usoni mwa TV. "Haya manyoya hamyaoni? Unyoya mmoja mmoja! Hapa! Na hapa! Na hapa!" Kila "hapa" naigonga na mwiko. Sasa ule mwiko ulikuwa na ugali uliokaukia kwenye ncha, mgumu kama kucha. Nikateleza. Ncha ikaburuzika mpaka kwenye kona ya kioo, ikanasa.

Kraaa.

Kona ya TV ikainuka. Nasema ikainuka! Kioo kikajikunja kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, na kiputo cha hewa kikakimbia mpaka katikati ya simba.

TV imebanduka.

Mama akainuka taratibu. Mama akiinuka haraka, kuna matumaini. Akiinuka taratibu, tafuta ndugu wa kukulea.

"Subira."

"Bee, mama."

"Umeifanya nini TV yangu?"

"Imebanduka yenyewe!"

Nikajaribu kuirudisha. Nikaibandika kwa kiganja. Nikibonyeza huku, kiputo kinakimbilia kule. Nikalamba kidole, nikapaka mate pembezoni. (Msiniulize. Bahasha inakubali, nikadhani na TV itakubali.) Nikasema, "Rudi, rudi, kwa jina la Yesu rudi." Baba anapiga kelele, "Usiguse! Umeme!" huku anatafuta waya wa kuchomoa, kachomoa taa. Elia anacheka mpaka kajigeuza kifudifudi kwenye kochi na nailoni ya kochi inalia naye. Mimi machozi yananitoka, tayari najiona nikiishi Dodoma kwa bibi mzaa baba, nachunga mbuzi, wale mbuzi wananiuliza ilikuwaje.

Ndipo Mama Furaha akanyanyuka. Akajifuta mikono kwenye kitenge chake. Akanisogeza kando kwa nyonga. Akaishika ile kona kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitazama, akatutazama mmoja mmoja.

"Muko naangalia televizyo na nguo yake?"

Akavuta.

Chraaaaaaaaaa!

Ilitoka kona mpaka kona, nzima, kipande kimoja, laini, yenye weupe weupe. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikingoja picha imwagike sakafuni. Sikusikia kitu kumwagika. Nikafumbua.

Jamani. Simba ni wa njano.

Nyasi ni za kijani! Anga ni la bluu! Nyuma ya simba kumbe kulikuwa na twiga, muda wote, na hatukuwahi kumwona! Sebule nzima ikang'aa kama mtu kafungua dirisha.

Baba akavua miwani. Akatazama TV. Akavaa. Akavua tena.

"Yaani," akasema kwa sauti ya chini sana, "nimenunua miwani."

Mama akageuka kumtazama twiga.

Kisha vichwa vyote vikanigeukia mimi. Mtaalamu. Binti mwenye masikio yaliyofunzwa, ambaye tangu shule zifunguliwe amekuwa akiwaeleza watu wazima jinsi picha inavyobanwa kwenye waya. Mama Furaha alikuwa ameishika ile nailoni juu, inaning'inia kama samaki.

"Subira," Elia akasema, anajifuta machozi, "hebu tukumbushe. Huko kubanwa kunakaaga wapi vile?"

"Iko hapa," Mama Furaha akasema, akanikabidhi.

Mama naye? Mnadhani mama aliona aibu? "Mimi niliiweka hiyo ili TV isife," akasema. "Na haijafa. Imebaki mpya. Mngenishukuru."

Nikasema sawa, sasa nguo imevuliwa, tujaribu tena kwa haki! Nikaweka mtandao, nikaweka diski, mtandao, diski. Na nawaambia ukweli wa Mungu, tofauti ipo! Ukisimama karibu mpaka pumzi yako inaacha mvuke kwenye kioo, na ukamtazama twiga kwenye kope, ipo! Lakini nani alinisikiliza? Baba anataka mpira. Elia anataka mpira. Mama kanyang'anya rimoti, kaweka tamthilia yake, kapiga ukelele: "Kumbe huyu muuaji ana kovu! Ndiyo maana wote walimjua isipokuwa mimi!"

Nikahukumiwa papo hapo. Tofauti ambayo mtu mwenye akili timamu anaiona haikupatikana. Baba na Elia wakatoka kufuata friza. Baba alikuwa anapiga mluzi. Simlaumu, lakini nimemwandika moyoni.

Nikaanza kubomoa mnara wangu, diski moja moja, natia kwenye boksi. Ili kona ibaki tupu ilibidi niisogeze na kabati ya TV, na kwenye droo yake ya chini, chini ya nyaya, nikakuta diski ndani ya bahasha ya karatasi. Juu imeandikwa kwa kalamu ya wino: HARUSI.

"Mama, hii ni ya kwenu?"

"Acha hiyo. Haichezi." Macho yake kwa muuaji. "Tulijaribu kwenye mashine zote tulipofika. Zilikataa. Diski za nyumbani huku hazikubaliki."

"Hata kwenye yangu?"

"Yako si imekufa?"

Sikuwa na cha kupoteza. Heshima ilishaondoka. Nikaitia. Mashine ikakohoa, ikakoroma, ikazunguka, ikasimama. Ikazunguka tena. Nikaipiga kofi la mgongo kama mtoto aliyepaliwa.

Na TV ikajaa mawaridi.

Nyie, mimi nimeona picha mbovu. Hii ni mama yao. Mawaridi ya kompyuta yanazunguka. Mioyo inapasuka na ndani ya kila moyo kuna kichwa cha mjomba. Rangi nyekundu inavuja nje ya nguo za watu. Sauti kama harusi ilifungiwa ndani ya bati. Na TV haina nguo tena, kwa hiyo kila ubovu unaonekana barabara. Wazee wa ndevu wangezimia.

Kisha waridi moja likafunguka, na ndani yake kukawa na mama. Msichana. Shela limempanda upande mmoja, anajitahidi asicheke.

Mama akaacha rimoti ikaanguka.

"Inacheza," akasema.

Mlangoni baba na Elia walikuwa wamefika na friza, wameikunjia migongo, baba anarudi kinyumenyume. "Pisheni, pisheni, mzigo!" Akageuza shingo. Akaona. Akasimama.

"Weka chini," baba akasema.

"Mzee, niko kwenye kizingiti cha mlango, upande mzito ni wangu!"

"Basi shikilia."

Na Elia akashikilia! Friza nzima, nusu ndani nusu koridoni, anatetemeka mikono, huku baba kaingia kutazama harusi yake. (Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote leo.)

"Huyu mwanaume ni nani?" Mama Furaha akauliza, anamnyooshea kidole kijana mwenye suti inayotosha watu wawili.

"Ndiye huyu, baba Subira."

"Hapana. Huyu iko na nywele."

"Nilikuwa nazo," baba akasema.

Wakaanza kutaja watu. Huyu yuko Mwanza, huyu alitoroka na zawadi ya mabeseni, huyu alikula mara mbili. Halafu kwenye foleni ya keki akatokea bibi mmoja, mama wa mama, kajifunga kitambaa kiunoni, anapiga vigelegele mpaka spika zangu zikapasuka sauti. Nilimjua kwa picha moja tu ya ukutani. Sikujua kwamba alikuwa anatembea kwa madaha vile.

Mimi na mdomo wangu. "Mama, unaona lakini, ubora wa hii picha, kusema kweli, ina ukungu kuliko hata..."

"Subira. Nyamaza nimwone mama yangu."

Nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe.

Diski ilipoisha ikarudi mwanzo, ikacheza tena. Elia naye aliruhusiwa hatimaye kuweka friza chini, vidole vimejikunja kama vya kuku. Mama akajifuta uso na kanga, ile ile aliyonifunga nayo, akatoa hukumu.

"Mashine inabaki."

"Na friza?" baba akauliza haraka.

"Inakaa konani. Mashine itakaa juu yake. Zile diski nyingine zote zilale chini ya kitanda cha mwenyewe."

Kwa hiyo nilishinda! Nilishinda kwa picha mbovu kuliko zote duniani, ambayo haipo mtandaoni popote, na ambayo hakuna mzee yeyote wa ndevu angekubali kukaa chini aitazame. Nikainua mikono nishangilie. Baba akachomeka friza. Friza ikanguruma. Mashine ikatetemeka juu yake, spika zikatetemeka, vikombe vikatetemeka.

"Subira," baba akasema, amevaa tena miwani yake bila sababu. "Sasa hiyo ndiyo bezi."

Walicheka mpaka nikakimbilia huku chooni. Nilipokuwa napita nikamwona mama kaichukua ile nailoni ya TV, kaipangusa, kaikunja vizuri kwa nne, na sasa anaipima juu ya mashine yangu.

"Isiingie vumbi," anasema.

Elia anagonga mlango tena. Safari hii anagonga na sufuria.

Chekeni tu. Ila kwanza kila mmoja aende apitishe ukucha kwenye kona ya TV ya kwao. Nawasubiri.